Batu tatu balinihakikishia unga ya avoka

Niko na tension, ile ya damu kupanda, tena niko mutu wa kuhakikisha. Tangu wakati wa Ebola, siamini habari ya dawa mpaka batu tatu baiseme.

Sokoni Kirumba, mama moja aliniuzia unga ya mbegu ya avoka. Eti inamaliza tension. Nikaeleza bana-chorale yetu ya Butembo, benye tunaimba nabo kanisani, kwa audio ya WhatsApp, na sauti nzito, jogoo wangu anawika pembeni. Alafu, mbele ya kuacha vidonge vyangu, nikaanza kuhakikisha.

Shemeji yangu wa Masereka: "Ni kweli, docteur moja alieleza."

Fundi wa nguo: "Docteur mwenyewe alisema."

Jirani yangu, Mama Kavira: "Mais ule docteur anaongea muzuri!"

Batu tatu. Nikaacha vidonge.

Siku ya ine kichwa iliniuma mpaka nikaenda kwa centre de santé. Infirmière, muuguzi wa pale, akapima, akakunja uso.

"Nani alikuambia uache dawa?"

"Docteur."

"Ule wa audio yenye inatembea kwa WhatsApp? Batu bengi banakuja hapa sababu yake!"

Akafungua ile audio kwa simu yake, mbele ya bagonjwa bote. Kwanza jogoo wangu akawika. Kisha sauti yangu nzito: "Bandugu ba chorale…"

Kila mutu akanigeukia.

"Docteur," infirmière akasema, "leta mukono, tupime tena."