Kitenzi cha Kusubiri
Mwalimu wa Kifaransa huandika ubaoni kama mtu anayeshona, polepole, kichwa kimeinama, kiwiko cha sweta kimejaa chaki. Hapa kwenye shule ya kijiji cha Yakobi amebakiwa na mwanafunzi mmoja tu, Elina, lakini kila asubuhi huuliza, "Tupo wote?" na Elina huitika, "Tupo, mwalimu." Kipindi kikiisha huufuta ubao mpaka uwe mweusi tii, asije akamwachia mwalimu mwenzake kazi.

Jumatatu hiyo, ukungu umeziba madirisha, alikuwa kwenye kitenzi cha kusubiri, katika ule wakati uliopita ambao Wafaransa huuandika vitabuni tu, mdomoni hawanao. *J'attendis*, nilisubiri, akaandika. *Tu attendis*. Simu ikaita. Akasikiliza, akasema, "Hospitali ya Lugarawa? Saa ngapi?" Kisha, taratibu, "Asanteni kwa kumuuguza mke wangu mpaka mwisho."

"Pole, mwalimu," Elina akanong'ona.

"Tulifika wapi?"

"Nafsi ya tatu."

*Il attendit*. Akazimaliza nafsi zote, bila kusahau hata alama moja ya juu ya herufi. Akachukua dasta, akatoka. Ubao hakuufuta. Elina alipangusa ukungu kwenye kioo, akamwona akivuka uwanja wa mpira, dasta ingali mkononi.