Nguruwe Wanne wa Mama

Mama alipohamia kwangu Kibaoni, mjini Ifakara, baada ya kumzika baba kule kijijini Mbingu, alikaa kibarazani siku nzima kama mtu anayengoja basi. Nilimletea chai, akanywa. Nilimletea wali, akala kidogo, akashukuru. Hiyo shukrani ndiyo iliyoniogopesha. Mama yangu hakuwahi kunishukuru kwa chakula. Maisha yangu yote alisema chumvi imezidi, au mchele haukupepetwa vizuri. Sasa alikuwa ananifia mbele ya macho yangu, tena kwa adabu.

Mimi ni fundi cherehani na ni mtu wa maneno. Ukileta kitambaa cha blauzi ukataka gauni, utanisikia. Lakini kwa mama nilitembea kwa kunyata wiki nzima, mpaka nikachoka. Nikamuuliza waziwazi, "Mama, unataka kufanya nini?" Akafikiri kidogo, akasema, "Nifuge nguruwe."

Tukarudi Mbingu kuwanunua. Mwenye banda alitaka kutupa wale waliokuwa karibu na mlango. Mama hakumjibu. Aliomba konzi ya pumba, akaimwaga katikati, akasimama kutazama vile vitoto, vimetoka tu kuachishwa ziwa, vikigombania. "Yule anayewapanda wenzake mgongoni, huyo," alisema. "Mpole muachie mwenyewe." Tukatoka na wanne, wote wakorofi, tukawatia kwenye viroba vilivyotobolewa na kuwapakia kwenye fuso la mpunga. Walipiga kelele njia nzima hadi Ifakara. Dereva alilaani, mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Banda tulilijenga kwa mabanzi, tukainua sakafu kwa sababu masika uwanja wetu unajaa maji. Mama akashika kazi. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwenye mashine ya kukoboa mpunga kuchukua pumba, akagombana na watu wa mashine kwamba wanamchanganyia maganda. Aliwachumia nguruwe matembele, akawasagia dagaa. Vile vitoto vikanenepa, vikawa vinamjua kwa nyayo. Jioni moja akasukuma sahani yangu, akasema wali umekuwa uji. Nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu. Mama alikuwa amerudi.

Huku kwetu nguruwe akisusa chakula, mwenyewe hangoji kuona mwisho wake. Anamchinja angali amesimama. Na nyama hailiwi na nyumba moja, majirani lazima waonje. Basi jirani yetu alimchinja jike lake lililosusa, akatuletea kipande kwenye bakuli lililofunikwa vizuri. Mama aliiosha ile nyama, akaikatakata, mimi nikapika. Tulikula tukamshukuru.

Siku chache baadaye gari la matangazo likapita mtaani. Homa ya nguruwe imeingia, lilisema. Watu wasichinje wagonjwa, wasihamishe nguruwe, wasiwape makombo yenye nyama ya nguruwe. Mama alikuwa anakoroga pumba. Aliacha kukoroga, akasikiliza mpaka gari likakata kona, kisha akaendelea. Mimi nilikuwa na gauni la harusi kwenye cherehani, sikuwaza kitu.

Wiki hiyohiyo mmoja akasusa. Masikio yakawa mekundu, halafu tumbo likageuka zambarau. Kufika kesho yake wote wanne walikuwa wamelaliana pembeni wakitetemeka, katika joto hili la Ifakara. Mama aliingia bandani akakaa nao, akiwanywesha maji kwa kiganja. Mimi nikakitoa kihori nje kukisafisha, na chini ya pumba iliyoganda nikakuta kipande cha mfupa kilichotafunwa.

Sikuhitaji kuambiwa. Kwa mama, maji ya kuoshea nyama hayamwagwi. Yana damu, yana mafuta, yanakwenda kwenye pumba, na mifupa inafuata. Ndivyo walivyofuga kwao, na kwa miaka mingi hakukuwa na ubaya. Nikauchukua ule mfupa nikautupa chooni kabla mama hajatoka bandani.

Bwana mifugo, kijana bado, alikuja na buti za mpira, akamwamkia mama, akawatazama nguruwe bila kuwagusa sana. "Walipewa makombo? Nyama, mifupa, maji ya nyama?"

"Hapana," nikawahi. "Pumba na majani tu."

Kisha mama akasema nyuma yangu, "Niliwapa mimi, baba. Mifupa na maji yake."

"Pole sana, mama," yule kijana akasema. "Wengi wamefanya hivyohivyo." Akatueleza kwamba homa hii haina dawa wala chanjo. Tuchimbe shimo refu, tumwage chokaa, na banda likae tupu kwa miezi.

Wawili walikufa mchana huo, wawili wakafuata alfajiri. Jirani alikuja na jembe lake akatuchimbia, hakuweza kututazama usoni. Bandani kwake nako hakukuwa kumebaki kitu. Mtu mmoja akapita kuuliza kama tunauza nyama, nikamfukuza. Chokaa aliimwaga mama mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amefunga nguo zake kwenye kanga.

"Narudi Mbingu," alisema.

"Mama, kule hakuna mtu."

"Kuna nyumba yangu."

Nikamwambia hana kosa, hakujua, apumzike kwanza, anywe chai. Kadiri nilivyolainisha sauti ndivyo alivyolikaza lile fundo.

"Ulijua kabla ya yule kijana kuja?"

"Niliukuta mfupa."

"Ukaficha."

"Sikutaka kukuumiza, mama."

Akanigeukia. "Wewe? Wewe unayemgombeza mteja kwa kifungo? Nimekuulia nguruwe wote, unaniambia ninywe chai. Mwanangu angenisema. Anayesitiriwa ni mgeni, na mimi nimechoka kuwa mgeni."

Nilitafuta neno la upole. Hasira ikanitangulia.

"Ulisikia gari la matangazo!" nikasema. "Ulisikia, ukanyamaza! Mimi nalala chumba cha pili, ukashindwa hata kunigongea? Nguruwe wazuri vile, mama! Na ulivyowachagua! Na mimi nilivyokuwa nafurahi kukusikia ukigombana huko mashineni!" Nililia na kufoka kwa pamoja, nikamtajia pumba, nikamtajia mabanzi, nikamtajia hata wali wangu aliousema. Jirani akafunga dirisha lake taratibu.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea mikononi. Nilipoishiwa pumzi, alikaa kitandani na kile kifurushi mapajani.

"Endelea," alisema. "Bado hujamaliza."