Vibibi Nyumbani Kwangu

Mwaka nilioacha kazi Mombasa, nilisimama kaunta ya duka pale kwetu Nyakoe, bara, nazi kwapani, nikaitisha mchele. Mwenye duka akauliza wa nini. Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha pwani, kwa sauti ya kusikika: "Leo napika vibibi nyumbani."

Mama aliyekuwa nyuma yangu akatua debe lake. "Vibibi? Na bibi wa ndoa amekosa nini?"

Nikaeleza kuwa ni chapati ndogo za mchele na tui la nazi. Hakungoja nimalize; akajitwika debe, akatangulia njia ya kwangu.

Nilimkuta mke wangu mlangoni, mikono kifuani, habari anayo. Kwa haraka ya kujitetea, nikasaga mchele kabla haujalowa. Kibibi cha kwanza kikaganda kwenye kikaango, cha pili kikavunjika. Akaviangalia, akashusha mikono.

"Kama vibibi vyenyewe ndivyo hivi," akasema, "mimi nitalala usingizi."