Mlinzi Asiye na Jina wa Jengo la Mbalibali

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi, si kalamu. Karani Mkuu wa ofisi ya wilaya pale Tarime, mzee mpole mwenye kikohozi kisichokwisha, alinifungulia chumba kilichojaa majalada kutoka sakafuni hadi darini.

"Anza na vumbi, binti yangu," alisema. "Ukishajua kila jalada linakaa wapi, nitakufundisha kuandika."

Nilikuwa nimetoka Dodoma na sanduku moja. Mjini Tarime watu walizungumza Kikurya na Kijaluo, na Kiswahili walikitumia na wageni kama mimi. Nilikaa wiki za mwanzo nikiongea na makaratasi zaidi kuliko na binadamu.

Chumba kile kilikuwa masijala, mahali pa kutunzia kumbukumbu zote za ofisi. Kila jambo lilikuwa na jalada lake, na kila karatasi ilipewa namba kwa wino mwekundu ili ikichomolewa ijulikane. Afisa akitaka maoni ya mwenzake, aliandika dokezo, yaani maneno machache kwenye karatasi ya mbele, jalada likabebwa hadi kwa mwenzake, naye akajibu chini yake. Jambo likiisha, jalada lilifungwa kwa mistari miwili na kurudishwa rafu za nyuma. Mnaotafuta habari zenu kwenye simu mtaona ni kazi ya kuchosha. Ilichosha kweli.

Wilaya ya Serengeti ilipoanzishwa, nilihamishiwa Mugumu kufungua masijala mpya. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wakihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, na kila kijiji kilitakiwa kiwe na shule, zahanati na ghala. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mipango wa wilaya, mtu wa haraka aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama.

Asubuhi moja aliniita. "Kule Mbalibali kuna jengo la mawe la tangu mkoloni. Kijiji kinalitaka liwe ghala la mahindi. Sitaki tulitengeneze halafu mtu aje kudai ni la baba yake. Zamani huku tulikuwa chini ya Tarime, nenda ukatafute kule ni la nani."

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Nilipanda lori la pamba hadi Tarime, nikamwamkia Karani Mkuu, nikaingia rafu za nyuma. Jalada la majengo lilinipa ramani: nyumba ya kupumzikia maafisa waliokuwa safarini, vyumba viwili na baraza. Lakini kwenye karatasi ya mwisho mtu alikuwa ameandika kwa penseli, "Tazama mifugo." Ndivyo tulivyofanya jambo lilipohamia idara nyingine. Basi nikaenda kwenye majalada ya mifugo.

Humo niliona kwamba nyumba ile iligeuzwa bohari ya dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe. Kulikuwa na taarifa ya mapipa yaliyovuja sakafuni. Baada yake ilikuja taarifa nyingine fupi, kwa Kiingereza, ambayo ninaikumbuka hivi: mlinzi aliyelala bohari alitumia kopo la kupimia dawa kuchotea maji ya kunywa, akafa. Jengo lifungwe, lisitumike tena kwa watu wala chakula. Chini yake ilikuwepo mistari miwili. Jambo limeisha.

Jina la dawa sikulielewa, nikalibeba jalada hadi kwa Bwana Mifugo wa Tarime, Mkurya wa makamo aliyesomea kazi yake Uganda. Alisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti.

"Hii ni aseniki, sumu kali," alisema. "Haina harufu. Ikiingia kwenye udongo haiozi. Hilo jengo linatumika kwa nini sasa?"

"Wanataka kuweka mahindi."

"Wanataka, au wameshaweka?"

Sikujua. Tulikwenda polisi kuomba simu ya upepo. Tulipompata Bwana Mipango, sauti yake ilikuwa inakatika, lakini neno moja lilifika vizuri. Magunia yalikuwa yameanza kuingizwa tangu jana yake.

Sikumbuki safari ile. Nakumbuka tu kwamba Bwana Mifugo aliendesha Land Rover mwenyewe hadi Mbalibali, na mimi nilikuwa nimelishika lile jalada kwa mikono miwili kana kwamba lingeruka dirishani.

Mwenyekiti wa kijiji alitusikiliza mbele ya watu, mavuno ya shamba la pamoja yakionekana nyuma yake kupitia mlango wazi. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Mlituhamisha mashambani kwetu," alisema. "Tukalima hapa, tukavuna. Leo mnakuja na karatasi ya mkoloni mnasema chakula chetu ni sumu. Watoto wale nini, hiyo karatasi?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Bwana Mifugo akaeleza tena kwa Kikurya, taratibu, habari za mapipa, habari za mlinzi na kopo lake. Hapo mama mmoja mzee, aliyekuwa ameketi chini na wanawake wenzake, akasimama. Aliitwa Bhoke.

"Huyo mlinzi anaitwa nani?" aliuliza.

Bwana Mifugo akanitazama. Nikafungua jalada ingawa nilijua jibu. "Shikamoo, mama. Hawakuandika jina."

"Alitapika siku tatu," Bhoke alisema. "Alisema tumbo linawaka moto. Anaitwa Wambura. Ni mume wangu."

Nilikuwa nimeisoma ile taarifa mara nyingi tangu Tarime, na hata mara moja sikufikiri kwamba mlinzi alikuwa na mke, na kwamba mke huyo angeweza kuwa amekaa mbele yangu.

Lakini yeye hakuwa amemaliza. "Alikula kwa mke mdogo jioni ile, kwa Nyangi. Tulisema Nyangi amemwekea kitu. Mimi ndiye niliyesema wa kwanza. Ukoo ulimfukuza na nguo aliyovaa, na mwanawe tukabaki naye."

Akakaa chini. Mwenyekiti alimtazama kwa muda mrefu, uso ukimbadilika, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba mwana wa Nyangi alikuwa yeye. Alikuwa amelelewa akijua kwamba mama yake alimuua baba yake.

Alivua shati, akafunga kitambaa puani, akaanza kutoa magunia. Wanaume wengine walimfuata. Bwana Mifugo hakutaka kubahatisha hata gunia moja, na yote yalifukiwa kwenye shimo mbali na kisima. Bwana Mipango, aliyefika jioni, alisimama kando ya lile shimo. Baadaye nilimsikia akipigana kwa simu hadi kijiji kikapelekewa mahindi ya njano ya msaada.

Kumtafuta Nyangi hakukuwa kazi ya masijala, lakini Bhoke alikuja Mugumu kwa miguu, akaketi mlangoni kwangu. Alikuwa amesikia kwamba Nyangi alionekana upande wa Matongo, kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. "Wewe ndiye mwenye karatasi," alisema. "Twende ukamsomee. Mimi hataniamini."

Tulikwenda watatu: Bhoke, Mwenyekiti na mimi. Tulimkuta Nyangi mbele ya kibanda, akianua nguo. Alimtambua Bhoke, mikono ikabaki juu ya kamba. Lakini yule kijana hakumjua kuwa ni mwanawe.

Nilisoma kwa Kiswahili, na Mwenyekiti akawa anatafsiri kwa Kikurya. Alipofika kwenye kopo aligeuza uso kando. Bhoke akamalizia, akaongeza lake: "Ni mimi niliyekusingizia."

Nyangi alikaa juu ya jiwe. Tulingoja alie, au atufukuze. Alipoongea aliongea Kiswahili, akinitazama mimi, mgeni.

"Nilimpikia ugali na dagaa. Nimejiuliza miaka yote, labda dagaa walikuwa wabaya. Labda kweli nilimuua bila kujua. Tangu siku ile sijampikia mtu mwingine. Majirani wanaona mimi ni mchoyo."

Nimefanya kazi miaka mingi na nimesoma habari za vifo vingi. Hakuna neno lililonipiga kama hilo. Tulidhani tunampelekea habari kwamba wengine walimkosea, kumbe naye alikuwa amekubali hukumu yao.

Mwenyekiti alipiga magoti mbele yake. "Mama," alisema, "mimi nina njaa."

Nyangi alimtazama usoni, akalijua paji la uso la Wambura, akainuka kuwasha moto. Chakula kilipokuwa tayari, Bhoke alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Nimestaafu sasa, na vijana wakinitembelea huniuliza tulipataje habari bila mashine. Kupata si tabu. Kinachonishtua hadi leo ni kwamba habari ilikuwepo. Afisa yule wa mkoloni alijua kilichomuua mlinzi, akaandika vizuri na kufunga jalada kwa rula, na umbali wa kutembea tu kutoka pale wanawake wawili walikuwa wanaharibikiwa kwa kukosa sentensi moja. Hakuna aliyeona haja ya kwenda kuwaambia. Kwa hiyo katika jalada lile niliandika karatasi moja ya nyongeza, nikaipa namba kwa wino mwekundu: Wambura, mume wa Bhoke na Nyangi.

Kabla ya kurudi kwetu Dodoma nilipita Mbalibali kuaga. Nyangi alikuwa amehamia nyumbani kwa Bhoke. Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa jikoni wakibishana kuhusu mboga, mmoja akisema chumvi imezidi, mwingine akisema mdomo wa mwenzake ndio umezeeka. Nikasimama nje kidogo, nikawaacha wamalize.