Ukayaseme Mbingu

Baba alifariki nikiwa bado msichana wa shule ya msingi. Mimi na mama tuliendelea kuishi kijijini Mbingu, kwenye uwanja mmoja na mdogo wake baba. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika masika moja, baba mdogo alizika watoto wawili kwa homa. Wa kwanza alikuwa binti wa rika langu, tuliyekuwa tukilala naye mkeka mmoja. Siku ya kumzika wa pili, udongo ukiwa bado mbichi, baba mdogo aligeuka akamnyooshea mama kidole.

"Anayewamaliza wanangu ni huyu hapa," alisema. "Mume hana, sasa ananionea wivu mimi."

Kesho yake vijana wa kijiji walimchukua mama wakampeleka kwa mganga anayenyoa watu wanaodaiwa uchawi. Alirudi jioni akiwa amenyolewa nywele zote, kanzu ya ndani imelowa dawa waliyomnywesha. Hakulia. Alijifunga kanga kichwani, akafungasha vyombo, na asubuhi tukapanda lori la mpunga kwenda Ifakara.

Tulipanga chumba Kibaoni. Mama akawa anakaanga vitumbua, mimi nafanya vibarua kwenye mashamba ya Katindiuka. Kila tulipomaliza kula tulisali, na kila tuliposali mama alimtaja baba mdogo. Jambo hilo lilinichoma kuliko njaa.

"Mwombee na wewe," aliniambia siku moja.

"Nimwombee nini? Afe?"

"Kama ndicho ulicho nacho moyoni, mwambie Mungu hicho hicho. Usimdanganye."

Sikumwambia Mungu chochote. Nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo nitasema hayo kweli.

Miaka ikapita hivyo. Jumamosi moja ilikuwa zamu yetu kuipokea jumuiya. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, rozari imefika katikati, nikamwona mwanamume amesimama kwenye uzio, ndala mkononi, miguu imejaa tope. Nyuma yake alisimama mke wake. Baba mdogo alikuwa amekonda, lakini nilimjua kabla hajainua uso. Niliinuka nikasimama kati yake na mama.

"Mpishe," mama alisema.

Baba mdogo aliingia, akapiga magoti penye vumbi. "Shemeji, nilikusema vibaya mbele za watu. Nimekuja kuomba msamaha mbele za watu."

Mama alimgeukia. "Uliamini kweli kwamba niliwaua watoto?"

"Niliamini. Ulipoondoka nikasema tumepona. Halafu masika mengine nikamzika na yule wa mwisho. Wewe ulikuwa huku."

Nilishindwa kunyamaza. "Kwa hiyo angekuwa mzima, usingekuja."

Alinigeukia. Nilitaka akatae, nipate cha kumtukania. "Sijui, mwanangu," alisema. "Labda nisingekuja."

Mama akakunja rozari yake kiganjani. "Mimi nilishakusamehe, shemeji. Ningeweka kinyongo moyoni miaka yote hii, nisingeweza hata kuwasha moto. Lakini jina langu liko kule bado. Ukayaseme Mbingu, mbele ya wale walionishika."

"Wale watanigeuka."

"Najua. Nami nitakuwepo."

Jumapili iliyofuata tulikwenda. Kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, nilikaa karibu na mlango, nikijipangia jinsi nitakavyomvuta mama tukimbie kama mambo yakiharibika. Ibada ilipokwisha, katekista alimpa baba mdogo nafasi. Alisema yote: kwamba alimsingizia mama, kwamba yeye ndiye aliyewatuma vijana, kwamba alijua tangu kifo cha mtoto wa mwisho na akanyamaza kwa aibu.

Mmoja wa waliomkamata mama alisimama. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima, amebeba mtoto. "Mzee, unataka kutuambia tulimnyoa mtu bure?"

Aliyejibu ni mama. "Mlininyoa bure. Sikuja kuwadai. Nimekuja mnione uso wangu, na mjue sina kisasi na mtu."

Yule mwanamume akatoka nje bila kuaga, na wengine wawili watatu wakamfuata. Nilishika ubao wa benchi nikisubiri kelele. Hazikuja. Mwanamke mzee wa mbele aliinuka, akaja kumshika mama mikono, na wengine wakapanga mstari nyuma yake.

Nje, baba mdogo alinijia. "Na wewe, mwanangu?"

"Mimi bado," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, hakunilazimisha.

Mama mdogo, mke wake, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka nyumbani kwao, nyuma ya nyumba, kwenye makaburi. Lile la tatu sikuwahi kuliona. "Huyu alikuwa akiuliza mtarudi lini," alisema. "Aliuliza mpaka alipougua."

Nilipiga magoti. Miaka yote ile hasira ilikuwa imekaa mahali pa msiba. Sikuwahi kumlilia binti tuliyelala mkeka mmoja. Siku hiyo nilimlilia. Nikaanza kung'oa majani, na ndipo nilipomwambia Mungu ukweli: nimemchukia huyu mtu, nimechoka kumchukia, na sijui kuacha. Nikamwomba anitoe hapo.

Nilipoinua kichwa, baba mdogo alikuwa amesimama mbali kidogo, anaogopa kusogea kwenye makaburi ya wanawe kwa sababu yangu.

"Njoo, baba," nikamwambia. "Upande huo majani bado."

Haikuisha siku ile. Kuna asubuhi niliamka nikaikuta hasira imekaa palepale, nikaomba upya. Mama naye hakutaka kurudi kuishi Mbingu, na yule aliyetoka kigangoni hakuwahi kumsalimia. Lakini nilipoposwa, ilibidi awepo mtu wa kukaa mahali pa marehemu baba na kupokea wageni. Mama aliniuliza ninamtaka nani. Nikapanda gari la Mbingu mwenyewe, nikaenda kumwita baba mdogo.