Vikombe Viwili, Darasa Zima

Mdogo wangu alianza kupiga chafya Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi alikuwa anawaka kama jiko. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa Alhamisi. Mungu ana mwaka mzima wa kugawa mafua, akachagua wiki hiyo.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la tano. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla arobaini haijaisha. Niliacha shule nikawa mama wa watoto watatu ambao sikuwazaa. Huyu wa mwisho, msichana, alipoteza miaka miwili tulipokimbia vita, kwa hiyo alikuwa na miaka kumi na sita kwenye darasa la watoto wanaomfika kifuani. Shangazi yetu anayekaa kijiji cha Mute, mwenye huruma nyingi na subira kidogo, alikuwa ameshatamka: "Akianguka mwaka huu, basi. Kuna mtu amemwona." Mtu huyo nilimjua. Alikuwa na wake wawili, na meno yake hayakuwazidi sana.

Nilimpeleka mgonjwa kwa nesi. "Mafua makali," akasema. "Yanaambukiza. Siku tano ndani, asichangamane na watu." Akaandika karatasi, nami nikaipeleka shuleni kwa mikono miwili.

Diretor, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule, aliisoma mara mbili. Mara ya pili aliishika kwa ncha za kucha.

"Umefanya vyema, dada. Asije."

"Na mtihani, Diretor? Si akae barazani peke yake, na kitambaa mdomoni?"

"Mtihani haufanyiwi barazani."

"Basi segunda." Segunda ni mtihani wa pili, wa wale waliokosa wa kwanza.

"Segunda inaombwa wilayani, dada. Nikawaambie nini? Kuna mtoto mmoja anapiga chafya?"

Nilirudi nyumbani. Mdogo wangu alinitazama usoni akageukia ukuta.

Yaliyotokea Jumanne asubuhi nilisimuliwa na jirani yangu, anayeuza maandazi langoni kwa shule. Diretor alisimama mbele ya bendera akawasomea watoto wote ile karatasi. Ugonjwa huu unaambukiza, akasema. Kaeni mbali na mgonjwa, naweni mikono. Kisha akaikunja karatasi. "Na kwa kuwa mwenzetu anaumwa, saa nane darasa lake lote litakwenda kumpa pole."

Hakuna aliyecheka. Kwetu mgonjwa asiyetembelewa ni mtu aliyetengwa, na asiyekwenda kumwona mgonjwa atakumbushwa siku atakapolala yeye. Diretor si mjinga hata kidogo. Tatizo lake ni adabu, na adabu haina chanjo.

Saa nane wakaja, mstari mmoja, Diretor mbele. Walianza kwa kumpa pole mzee wa nyumba ya tatu, ambaye haumwi chochote, maana nyumba zetu hizi za tofali za bloko zinafanana zote. Mzee aliwapokea vizuri tu. Walipofika kwangu nilikuwa nimesimama mlangoni, kanga nimeifunga mdomoni.

"Haingii mtu," nikasema.

"Dada, tumekuja kumjulia hali tu."

"Karatasi si umeisoma mwenyewe, Diretor?"

"Nimeisoma. Hatutakaa sana."

Jirani yangu, aliyewafuata na beseni lake tupu ili asipitwe, akapaza sauti: "Ee mwanangu! Watu wanafukuzwa mlangoni kwa mgonjwa? Marehemu mama yako, pamoja na ukali wake wote, hakufika huko!"

"Anaambukiza, mama."

"Wewe unalala naye chumba kimoja. Umekufa?"

Mama yangu akitajwa sina nguvu. Nikapisha.

Kila mtoto aliingia na limau lake au kipande cha muhogo, na kila mmoja akamgusa mgonjwa paji la uso, kama anayeangalia chungu kama kimechemka. Mdogo wangu aliwajibu wote kwa chafya. Diretor alikuwa wa mwisho. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, "Pole sana, mwanangu, utapona," kisha akajifuta pua kwa mkono uleule.

Na mimi? Mgeni hatoki nyumbani kwangu na koo kavu. Nina vikombe viwili. Watoto wa kwanza niliwasuuzia. Walipofika kumi nikaona ndoo inapungua, nikaacha kusuuza. Mimi niliyeipeleka karatasi ya nesi shuleni ndiye niliyevizungusha vikombe vile kwenye midomo ya darasa zima, na kuuliza nani anataka tena.

Alhamisi nilikwenda shuleni kuomba kwa mara nyingine. Darasani nilikuta watoto tisa, na kati ya hao watatu wanakohoa. Diretor alikuwa amekaa ofisini, amejizungushia kanga ya mkewe shingoni, macho mekundu.

"Dada," akasema. Sauti ilikuwa kama bawaba inayodai mafuta.

"Diretor."

Akajifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Nimeshapiga simu wilayani. Segunda ipo, Alhamisi ijayo, darasa lote."

"Umewaambia nini?"

"Kuna mlipuko."

"Umeanzia wapi?"

"Hawakuuliza."

Najua nilipaswa kuona aibu. Niliona, mpaka kwenye kona ya uwanja. Siku zilizofuata nilipita nyumba kwa nyumba kuwapa pole, nikiwa nje ya dirisha, sikunywa maji ya mtu. Wote walipona, hata Diretor, ambaye kwa siku nne aliendesha shule kwa ishara za mikono.

Segunda ilifanyika madirisha wazi, madawati yametawanywa. Mdogo wangu aliandika mpaka karatasi ikakusanywa.

Matokeo yalipobandikwa ukutani nilikwenda peke yangu. Yeye aligoma kutoka kitandani, safari hii bila homa. Nasoma polepole, nilishuka na kidole jina kwa jina, watu wananisukuma mgongoni. Alikuwa karibu na mwisho. Amepita, kwa alama ambazo huwezi kumringia mtu, lakini amepita.

Nikampigia shangazi papo hapo.

"Amepita."

Nikasikia kuku wake. "Na yule mtu wetu je?"

"Mwambie aendelee kutafuta, shangazi. Huyu anakwenda sekondari."

Nikakata simu kabla hajavuta pumzi ya kunijibu, maana salio lilikuwa langu.