Turubai la Shangazi Zuwena na Mlango wa Karavani Mpya

Nilifunga safari ya Maskati kwa sababu ya turubai. Wengine huitwa kule kwa harusi, wengine kwa kazi. Mimi niliitwa na shangazi yangu Zuwena, dada yake baba, anayeishi Bawshar na mwanawe Nasser. Nashona mapazia hapa Unguja, na sifa zangu zimevuka bahari, hasa kwa kuwa ninazisambaza mwenyewe.

Nasser ana karavani, ile nyumba ya matairi inayokokotwa na gari, ambayo familia nyingi za kule huipeleka ufukweni wakati wa baridi. Baridi yenyewe ni ile ambayo sisi huku tungeiwashia feni. Karavani yake ya zamani ilikuwa na turubai lililotokeza ubavuni kama baraza. Marehemu mume wa shangazi alilishonesha kwa mpango wake: nusu moja wazi, akae yeye na wageni wake wanaume, nusu ya pili imezungushiwa kuta za kitambaa zenye dirisha la wavu, wakae wanawake kwa raha zao.

Basi Nasser akaiuza ile karavani, akanunua nyingine kubwa zaidi, yenye kila kitu isipokuwa pahali pa kuingia turubai la zamani. Msimu uliopita shangazi alikaa ndani tangu kufika mpaka kuondoka, akiitazama bahari kwa kioo.

"Bahari ya kwenye kioo hata nyumbani nnayo, kwenye televisheni," aliniambia kwa simu. "Turubai likishindikana mimi siendi tena. Nshakuwa mtu mzima, sina haja ya kufungiwa."

Nasser alitaka kumwagizia jipya. Lakini haya mapya yako wazi pande zote, yameshonwa kwa ajili ya watu wasiotembelewa na wageni.

Uwanja wa ndege wa Maskati, afisa mmoja alifungua sanduku langu akakuta sindano nene, nyuzi za mkonge, mkasi mkubwa na pweza mkavu. Nikamweleza kwamba nimekuja kushona. Pweza hakuuliza, nami sikumweleza.

Bawshar ni mji wa majumba makubwa yenye kuta ndefu, ambapo mtu huwasha gari kwenda kununua mkate ulio upande wa pili wa barabara. Karavani ilikuwa imeegeshwa nje ya geti, nyeupe, ndefu kuliko nyumba yangu. Nasser alinipokea akiwa na kompyuta mkononi. Yeye ni mhandisi wa barabara, na alikuwa ameshalichora turubai kwa rangi tatu.

"Karibu dada Salma," alisema. "Kazi ndogo tu hii. Vipimo vyote ninavyo."

"Umepima vipi?"

"Urefu."

Nikamwambia turubai la karavani halipimwi urefu tu. Ukingo wake una kamba iliyoshonewa ndani, na kamba hiyo hupitishwa katika mfereji wa bati unaopanda ubavuni, ukafuata paa, ukashuka upande wa pili. Kinachotakiwa ni mzunguko wote, kutoka ardhini hadi ardhini. Akafuta rangi moja.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Matrah kutafuta turubai la kuongezea. Bandarini ilikuwa imetia nanga meli ya watalii, na watalii wenyewe walikuwa wamejaa sokoni wakipiga picha ubani. Muuzaji alituapia kwamba rangi ya kitambaa chake na ya letu ni moja. Letu lilikuwa kahawia ya chai. Lake lilikuwa kahawia ya chai ya mtu mwingine. Tukanunua, pamoja na kamba nyembamba zaidi, maana mfereji wa karavani mpya ulikuwa mdogo.

Siku zilizofuata nilishona uani. Ningemaliza mapema zaidi lau si kahawa. Kila jamaa aliyesikia kuna kazi alikuja kuitazama, na kila aliyekuja ilibidi akaribishwe, aletewe halua na tende, kisha naye alipe kwa kutoa ushauri. Mmoja alitaka nguzo zifupishwe. Mwingine alitaka zirefushwe. Wote walipiga magoti wakapima, wakatikisa vichwa, wakanawa mikono wakenda zao. Nilitia utepe mpana wa kitambaa kipya kila upande, nikafumua kamba yote ya zamani nikatia mpya. Siku tulipoiingiza karavani uani tukalijaribu, lilipita mferejini bila kukwama. Wanaume walipigana mabega kupongezana kwa kazi nzuri waliyoifanya. Shangazi alilitazama kutoka dirisha la jikoni, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nami nililia, sioni haya kusema.

Ijumaa tukafika ufukweni, kusini mwa mji, ng'ambo ya milima. Turubai lilisimama barabara. Baada ya alasiri wakaja wageni wa Nasser, wenzake wa kazini, wakakaa kwenye nusu ya wazi. Hapo ndipo shangazi alipofungua mlango wa karavani ili aende kwenye chumba chake cha turubai, akaufunga haraka.

Mlango wa karavani ya zamani ulikuwa nyuma, ukitokea moja kwa moja upande wa wanawake. Wa hii mpya uko mbele. Ulitokea katikati ya wageni, karibu na birika la kahawa. Tulipima kila kitu, mhandisi, mshonaji na ukoo mzima, na hakuna aliyeuliza mlango uko wapi, kwa sababu kule uani sote tulitokea mlango wa nyumba, si wa karavani. Chumba cha wanawake kilikuwa kizuri, kitupu, hakifikiki. Kulihamisha pazia hakuwezekani: kuta zimeshonwa pamoja na paa.

Nilinywea. Shangazi alikaa kitandani, mbele ya kioo kilekile. Nilitamani anigombeze. Kisha akafungua kidirisha.

"Nasser, mwanangu," aliita kwa upole. "Wachukue wageni wako uwaingize kule chumbani, mshushe pazia. Sisi tunataka mlango."

"Mama, kule si ni kwa wanawake?"

"Kwani ukuta unajua nani kakaa? Yallah, msiichelewe kahawa."

Wakaingia, mabwana wazima wenye kanzu zilizopigwa pasi, wakajibana nyuma ya pazia na dirisha lao moja la wavu. Shangazi akatoka. Nikamwekea kiti kwenye nusu ya wazi, akavua viatu, akaisukuma miguu yake mchangani. Nyuma yetu tulisikia mtu akikohoa, akiomba njia apite. Tulimwambia asubiri. Baadaye mkono ulitokea chini ya pazia, umeshika kikombe kitupu, na shangazi akaujazia bila kugeuka.

Nimerudi Unguja. Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kupima kitambaa, uliza nani atatokea wapi. Juzi Nasser alipiga simu kuniomba nije tena msimu ujao, nilifumue turubai lote nihamishe chumba. Nauli atatoa yeye.

Nikamwambia nimezidiwa na kazi. Shangazi alishaniapia uwanja wa ndege, akinishika mkono: nikiligusa turubai lake, nisimwite tena shangazi.